Hesabu ya Lugalo



Nimeombwa nizungumzie pambano moja la kivita na yaliyotokana nalo. Nimechagua Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Nimelichagua kwa sababu tunalijua kwa ushindi wake tu. Mtoto wa darasa la tano atakwambia kwamba Mkwawa aliwapiga Wajerumani. Ni kweli, aliwapiga, na mimi najivunia. Lakini ukimuuliza mtoto huyo huyo wangapi walikufa siku ile, walikuwa watu gani, na Uhehe ulilipa nini baadaye, atanyamaza. Kunyamaza kwake ni kosa letu sisi tunaomfundisha. Vita vina hesabu yake, na hesabu hiyo haifungwi jioni ya siku ya mapigano.

Nianze na mtu aliyelipeleka jeshi la Wajerumani kule. Emil von Zelewski hakuwa mgeni wa nchi hii. Watu wa pwani walimbandika jina la Nyundo. Mwaka 1888 alikuwa Pangani kama wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kampuni iliyokuwa imekodi utawala wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Zelewski alikwenda kwa ubabe: akagombana na liwali juu ya bendera, akaingia msikitini na mbwa siku za Idi. Watu wa Pangani walichukia, na chuki ile ikawa moja ya cheche za vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, chini ya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, pwani ikatulizwa kwa mizinga, na Zelewski akapanda cheo. Mwaka 1891 ndiye aliyekuwa kamanda wa jeshi zima la kikoloni. Mwaka huo huo Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Kwa hiyo mji wetu ulikuwa ndio kwanza umekuwa makao makuu ya koloni, wakati jeshi la koloni hilo lilipokwenda kuangamia bara.

Huko bara, Uhehe, nchi ya Wahehe, kulikuwa na dola. Munyigumba alikuwa ameunganisha koo nyingi ndogo chini ya utawala mmoja, na alipofariki mwaka 1879 nchi iliingia kwenye ugomvi wa urithi. Katika ugomvi ule mgombea mmoja mwenye nguvu nyingi, Mwambambe, alishindwa, na mwana wa Munyigumba akashika nchi. Huyo ndiye Mkwawa, mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Alipigana na Wangoni, akapigana na Wasangu, akapanua mipaka mpaka karibu na njia za misafara zilizotoka pwani kwenda maziwa makuu. Wafanyabiashara walipaswa kumtazama yeye. Wajerumani nao walitaka njia hizo ziwe zao, na hapo pakawa hapatoshi mabwana wawili.

Zelewski alianza safari Kilwa katikati ya mwaka 1891. Alikuwa na Wazungu wapatao 13, askari 300 na ushei, wapagazi zaidi ya 100, bunduki za rashasha na mizinga midogo. Njiani alichoma vijiji. Mkwawa alituma watu kuzungumza naye, walipigwa risasi. Kamanda huyu aliwadharau Wahehe kwa kuwa silaha yao kubwa ilikuwa mkuki na ngao. Dharau hiyo ilionekana katika namna alivyotembea: msafara mrefu, watu wamefuatana mmoja nyuma ya mwenzake katika njia nyembamba, bunduki za askari wengi hazina risasi ndani, mizinga imefungwa juu ya punda, naye kamanda amepanda punda wake mbele mbele.

Katika majabali na vichaka vya Lugalo, kilomita zipatazo 25 mashariki ya mahali ulipo mji wa Iringa leo, maelfu ya wapiganaji walikuwa wamelala wakisubiri. Simulizi nyingi zinamtaja Mpangile, nduguye Mkwawa, kuwa ndiye aliyewaongoza. Mpango ulikuwa kungoja msafara wote uingie mtegoni ndipo ishara itolewe. Ikatokea kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani, Luteni von Zitzewitz, alimwona ndege akamfyatulia bunduki. Wahehe waliposikia mlio walidhani ndiyo ishara. Wakainuka wote kwa pamoja.

Yaliyofuata hayakufika hata robo saa. Askari wengi walipata kufyatua mara moja au mbili tu kabla mikuki haijawafikia. Punda waliobeba mizinga walishtuka, wakakimbia wakiangusha mizigo na kuvuruga mistari. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na masimulizi ya Wahehe yanasema aliyemuua alikuwa kijana mdogo, wa miaka 16 hivi, aliyezawadiwa ng'ombe. Kwa kuwa ishara ilitoka mapema, kikosi cha nyuma kilikuwa bado hakijaingia mtegoni. Luteni von Tettenborn alikiongoza kikosi hicho kushika kilima, akakusanya walionusurika, kisha akarudi nao nyuma.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Wazungu 10 walikufa. Askari waliokufa walikuwa 250 hivi. Wapagazi walikuwa karibu 100. Kwa upande wa Wahehe, makumi ya watu walikufa pale pale na wengine wengi wakafa baadaye kwa majeraha, maana hata bunduki iliyofyatuliwa mara moja, katika kundi lililosongamana, haimkosi mtu. Wahehe walipata bunduki zipatazo 300, mizinga na risasi.

Itazameni hesabu hiyo kwa utulivu. Tunasema Wajerumani walikufa Lugalo. Waliokufa chini ya bendera ya Ujerumani walikuwa 350 hivi, na katika hao Wajerumani ni 10. Wengine wote walikuwa Waafrika. Hermann von Wissmann, alipounda jeshi lile mwaka 1889 kwa ajili ya kumpiga Abushiri, aliajiri Wasudani huko Cairo, watu waliokuwa wametumikia jeshi la Misri na kubaki bila kazi, akaajiri na vijana kutoka kusini mwa Msumbiji ambao walizoea kuitwa Wazulu. Baadaye waliongezwa na watu wa hapa hapa pwani. Askari wa aina hiyo alikufa Lugalo kilomita maelfu kutoka kwao, kwa mshahara, katika ugomvi wa watu wengine.

Na mpagazi? Mpagazi hakuwa na bunduki wala sare. Alibeba sanduku la risasi, au hema la bwana, au gunia la mchele, kwa ujira wa siku. Majina ya maofisa yamo vitabuni na Wajerumani walijenga mnara pale Lugalo kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Mnara huo upo mpaka leo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Wapagazi wanaandikwa kwa tarakimu tu. Mimi nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wapagazi ndio waliokuwa wengi kuliko wote katika historia ya nchi yetu ya karne ile. Biashara yote ya pembe ilikwenda mabegani mwao, vita vyote vikubwa vilikwenda mabegani mwao, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa kwa maelfu mengi katika nchi hii hii. Ukichunguza familia za zamani za Temeke na Kinondoni, utakuta babu wa mtu aliyefika mji huu na mzigo kichwani.

Ili tuone jinsi pambano fupi linavyoweza kuzaa miaka mirefu, niruhusuni niwapeleke Ulaya kidogo. Tarehe 8 Novemba 1620, nje ya mji wa Prague, kwenye mwinuko uitwao Bílá Hora, jeshi la Wacheki waliomwasi Kaisari Ferdinand II lilipambana na jeshi la Kaisari na washirika wake Wakatoliki. Pambano lilichukua saa moja au mbili. Wacheki walishindwa, na mfalme waliyemchagua akakimbia. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Juni 1621, viongozi 27 waliuawa hadharani katika uwanja wa mji mkongwe wa Prague, na vichwa 12 vikatundikwa juu ya mnara wa daraja, vikabaki pale miaka kumi ili kila apitaye aone. Mashamba ya waasi yaligawiwa waliomtii Kaisari. Waprotestanti walilazimishwa kubadili dhehebu au kuhama. Mmoja wa waliohama ni Jan Amos Komenský, ambaye walimu mliopo hapa mmemsoma vyuoni kwa jina la Comenius, baba wa elimu ya kisasa. Aliondoka nchini mwake mwaka 1628, hakurudi tena. Alifia Amsterdam mwaka 1670. Wacheki walikaa chini ya ukoo ule ule wa kifalme mpaka Oktoba 1918, karibu miaka 300.

Na walipopata uhuru, walifanya nini? Siku chache tu baadaye, tarehe 3 Novemba 1918, umati uliangusha nguzo ya Bikira Maria iliyokuwa katika uwanja ule, wakiiona kuwa ni kumbukumbu ya kushindwa kwao Bílá Hora. Kumbe nguzo ile ilisimamishwa mwaka 1650 kushukuru kwamba Prague iliokoka mikononi mwa Waswidi, jambo lingine kabisa. Umati ulikuwa na uchungu wa kweli na ukapiga mahali pasipohusika. Nguzo imesimamishwa upya mwaka 2020. Bílá Hora yenyewe leo ni kitongoji cha Prague chenye makazi ya watu, mwisho wa njia ya tramu namba 22, na abiria wanashuka na vikapu vyao kama sisi tunavyoshuka Mwenge.

Turudi kwetu. Mshindi wa Lugalo hakupata amani. Wahehe waliendelea kuwapiga Wajerumani kwenye njia za misafara, na mwaka 1892 walishambulia kituo chao kule Usagara. Gavana wa kwanza, Julius von Soden, alipenda mambo yaende kwa mazungumzo. Wanajeshi walitaka kisasi. Mwaka 1893 nafasi ya ugavana na ukamanda zote mbili alipewa mwanajeshi, Friedrich von Schele. Hapo Lugalo ikaanza kudai malipo yake. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Schele liliivamia ngome ya Mkwawa ya Kalenga, iliyokuwa imezungushiwa ukuta wa mawe, likaivunja baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba. Kuta zile hazikujengwa kwa ajili ya mizinga. Shehena za baruti na pembe zilichukuliwa. Mkwawa mwenyewe aliponyoka.

Miaka minne iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa habari hii, na ndiyo tunayoiruka shuleni. Ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, alijenga boma Iringa mwaka 1896, na kuanzia hapo Wahehe wa kawaida walisagwa kati ya boma na mfalme wao aliye porini. Aliyempa Mkwawa chakula alichomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe. Aliyekataa kumpa alikuwa na la kujibu kwa Mkwawa. Mashamba yalikosa wa kulima, njaa ikaingia. Wasangu wa chifu Merere, waliokuwa wamefukuzwa na Wahehe, waliungana na Wajerumani ili warudi nchini mwao Utengule, nami siwezi kuwalaumu. Kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake ya nani alimtesa. Mwisho wa mwaka 1896 Prince alimsimika Mpangile kuwa mtwa badala ya nduguye. Haikupita miezi mitatu, Februari 1897, Wajerumani wakamuua Mpangile kwa kumshuku kuwa anawasiliana na Mkwawa kwa siri. Fikirini maisha ya mtu huyo: aliongoza ushindi wa Lugalo, akakubali kiti kutoka kwa adui labda ili nchi ipumue, akafa kwa amri ya aliyemkalisha kitini.

Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, mahali paitwapo Mlambalasi, akiwa amebaki na mtu mmoja mmoja na askari wakimkaribia, Mkwawa alijipiga risasi. Sajini Merkl alimkuta ameshakufa. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa kwa Prince, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani.

Hapo ndipo vita vya pembezoni mwa dunia vilipoingia katika mkataba wa dunia. Baada ya Vita vya Kwanza, Horace Byatt, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya Waingereza, alipendekeza fuvu lile lidaiwe. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili: Msahafu wa Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Miezi sita iliyowekwa na mkataba ilipita, ikapita miaka 30 na zaidi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe Bremen, kwenye jumba la makumbusho lenye mafuvu mengi ya watu wa koloni, akachagua moja lenye tundu la risasi na vipimo vilivyolingana na vya jamaa wa Mkwawa. Lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 na kukabidhiwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mjukuu huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu tangu mwaka 1962, akakaa katika kiti hicho, kwa vipindi viwili, hadi mwaka 1994. Tukimkumbuka na nyundo yake ya Spika, tukumbuke pia alipokea mikononi mwake kichwa cha babu yake kutoka kwa gavana wa kikoloni. Mafuvu mengine yaliyobaki katika makabati yale ya Bremen yalikuwa ya watu pia, na suala la kurudishwa kwa mabaki ya namna hiyo linazungumzwa mpaka leo kati ya Dodoma na Berlin.

Sasa jina la Lugalo lilifikaje hapa Kinondoni? Kambi ya jeshi mnayoiona mkitoka Mwenge kuelekea Tegeta haikuitwa Lugalo hapo mwanzo. Iliitwa Colito. Colito ni mahali Ethiopia ambapo Mei 1941 askari wa King's African Rifles, wakiwemo Watanganyika, waliwapiga Waitalia. Jina lile lilikuwa heshima kwa ushujaa wa Waafrika, nalikubali, ila ulikuwa ushujaa katika vita vya Mwingereza, chini ya ofisa Mwingereza.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, vikosi vya King's African Rifles vilivyokuwa hapa vilibadilishwa jina vikaitwa Tanganyika Rifles, maofisa wakubwa wakabaki Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliasi. Walitaka mishahara bora na maofisa Waafrika. Waziri Oscar Kambona alikwenda kambini kuzungumza nao, kitendo cha ujasiri mkubwa. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza walitua kambini kwa helikopta kutoka manowari Centaur, na uasi ukazimwa asubuhi hiyo hiyo. Kwa Mwalimu Nyerere ilikuwa aibu nzito kuomba jeshi la waliomtawala jana lije kumlinda na jeshi lake mwenyewe. Akalivunja lote. Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Mirisho Sarakikya akawa mkuu wake, na Colito ikawa Lugalo.

Waliochagua jina hilo walifanya jambo la busara. Walitaka askari mpya ajue kwamba katika nchi hii watu waliwahi kulisimamisha jeshi la kigeni kwa mikuki. Leo kuna Hospitali ya Jeshi Lugalo inayotibu raia wa mitaa yetu, kuna kituo cha daladala, na konda hupiga kelele za Lugalo mchana kutwa bila mtu kuwaza majabali ya Uhehe. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki viwili vya ualimu, kimoja Chang'ombe, Temeke, na kingine Iringa kinachobeba jina la Mkwawa. Walimu wengi waliomo humu ndani wametoka katika vyuo hivyo viwili. Ninyi ndio ninaosema nanyi hasa.

Ombi langu kwenu ni hili. Somo la Lugalo lisiishie kwenye robo saa ile. Mfundisheni mtoto Kalenga na njaa ya mwaka 1897. Mfundisheni habari za Mpangile, ambaye hana barabara kubwa wala kambi. Mkipanda basi na wanafunzi kwenda Iringa, teremkeni kwenye mnara wa Zelewski, someni majina ya Wajerumani waliozikwa pale, kisha waambieni wanafunzi wenu kwamba ardhi ile ile ina Wasudani, ina vijana wa Msumbiji, ina wapiganaji wa Kihehe, na ina wapagazi karibu 100. Na kwa Manispaa ya Kinondoni, kwa wazee wa mitaa ya Makongo na Kawe, naomba tuzungumze na wenyewe jeshini ili kando ya kituo cha Lugalo liwekwe bango lenye tarehe 17 Agosti 1891 na idadi ya waliokufa wa pande zote, pamoja na wapagazi. Mzee yeyote aliye humu ambaye babu yake alikuwa mpagazi au askari wa Mjerumani, namwomba asiondoke kabla hajaonana na walimu walioketi safu ya mbele. Wana daftari, na wako tayari kuandika jina.